Gauni la Kumkamulia Sista

Sista alikuwa ng'ombe. Tuelewane mapema, maana hadi leo kuna watu pale Dongobesh ambao ukiwaambia Reginald alivaa gauni kwa ajili ya Sista, wanapiga ishara ya msalaba kabla hujamaliza. Ng'ombe kabisa, mwenye kwato, mkia na hasira. Mwili wote mweusi, uso na kifua vyeupe, na macho ya kukukagua kama vile anajua hujasali. Hata padre alipokuja kubariki mifugo alimtazama, akacheka, akasema huyu tayari ameshaweka nadhiri.

Mwenye Sista alikuwa Genoveva, mke wa Reginald. Siku alipoolewa, mama yake alimkabidhi mtamba mmoja, na Sista alikuwa kitukuu wa mtamba huyo. Ng'ombe wengine zizini walikuwa wa Reginald, au wa ukoo, au wamewekwa pale na marafiki zake kama ilivyo desturi, leo wako kwako, kesho wako kwa mwenzako. Sista hakuwa wa kuzungushwa. Alikuwa wa mama mwenye nyumba, basi, na Sista mwenyewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Akishikwa chuchu na mkono usio wa Genoveva, alirusha teke. Na hakurusha ovyo ovyo, alilenga.

Sasa visa vyote vilianza na hiyo mikono ya Genoveva.

Ilianza kwa vidole. Anaamka asubuhi vimevimba, vimekakamaa, havikunji wala havikunjuki, mpaka jua lipande ndipo vianze kulegea. Kisha vifundo vya mikono vikafuata, cha kulia na cha kushoto, ukivigusa ni vya moto. Kijijini kila mtu akawa daktari. Mmoja alisema ni baridi ya Mbulu. Mwingine akasema ni kufua mtoni enzi za usichana. Marieta, jirani yake wa ng'ambo ya ua na rafiki yake wa kufa na kuzikana, alisema mifupa inadai mafuta ya kondoo. Akampaka mafuta ya kondoo wiki nzima, na matokeo yake ni kwamba mbwa wote wa kitongoji walimpenda sana Genoveva.

Mwishowe akaenda hospitali, Reginald akimsindikiza. Walimkuta Daktari Idd, kijana wa Tanga aliyehamishiwa huku akaja na mashati ya mikono mifupi, masikini, siku hizi anavaa makoti mawili. Alibonyeza vidole kimoja kimoja, akaagiza vipimo vya damu, na majibu yalipotoka akasema ugonjwa huu unaitwa baridi yabisi.

"Lakini mama, usiilaumu baridi," alisema. "Mimi baridi ya hapa nailaumu kila siku, ila kwa hili haina kosa. Ni askari wa mwili wako mwenyewe. Wamechanganyikiwa, wanavipiga viungo vyako wakidhani ni adui."

Alimpa dawa za kutumia muda mrefu, akamwonya kwamba zinachelewa kuonyesha kazi, asije akazitupa. Akampa vifaa vigumu vya kufunga kwenye vifundo wakati wa kulala. Asubuhi aloweke mikono kwenye maji ya vuguvugu. Ndoo asiishike kwa vidole, aipitishe mkononi hadi kwenye kiwiko. Na kazi za kuminya, kama kukamua, hasa asubuhi, ampe mtu mwingine.

"Ndiyo, daktari," Genoveva aliitikia kwa adabu zote, na moyoni akasema thubutu.

Tusimwonee, mengi aliyafuata. Dawa alimeza kama alivyoelekezwa. Mwiko wa ugali aliuzungushia matambara hadi ukawa mnene, wa kushikika bila kubana vidole. Nguo mbichi alizizungusha kwenye nguzo ya ua, akazisokota kwa uzito wa mwili, na mwili wa kutosha alikuwa nao. Mlango aliufungua kwa kiwiko. Tena kwa kuwa alikuwa mtu wa kucheka, vidole vyake alivigeuza kamati. Kidole gumba kilikuwa mwenyekiti, mvivu wa kufika kikaoni. Cha shahada kilikuwa katibu, kazi yake kulalamika. Kidole kidogo kilikuwa mjumbe wa vijana, hakijui kitu lakini kimevimba kuliko wote.

"Kamati imeamkaje huko?" Marieta aliuliza kila asubuhi juu ya ua.

"Akidi haijatimia!" alijibu Genoveva, na wote wawili wakacheka mpaka kuku wakatawanyika.

Lakini kukamua? Weee. Hapo hakumsikiliza daktari wala malaika. Kila alfajiri alijifunga kilemba, akatoka kwa kunyata Reginald akiwa bado anakoroma, akaenda kumkamua Sista kwa vidole, kwa viganja, kwa namna yoyote iliyokubali. Yaliyotokea mle zizini hakumwambia mtu, hata Marieta. Akirudi na ndoo alikuwa ameshajipangusa uso na kuvaa tabasamu. Maana alishajitazama vizuri. Jembe ameliacha. Kuni analetewa. Watoto wamekua, Belinda wa mwisho anafundisha Babati. Kilichobaki cha kumfanya mama wa mji ule ni yule ng'ombe mmoja. Sista akiondoka, yeye atakuwa mgeni wa kuletewa uji kwenye nyumba yake mwenyewe. Hilo lilimtisha kuliko maumivu yenyewe.

Basi Alhamisi moja kamati ikagoma yote.

Genoveva aliamka akakuta mikono yote miwili haitaki hata kushika kijiko. Aliiloweka kwenye maji ya vuguvugu, akaibembeleza, akaitukana kidogo, wapi. Huko zizini Sista alianza kulia, kiwele kimejaa, na sauti yake ikaenda hadi kwa majirani. Reginald akatoka nje akifunga mkanda.

Reginald alikuwa mrefu, mwembamba, mwenyekiti wa kigango na mwimba besi wa kwaya, mtu wa suruali yenye mstari wa pasi hata siku ya kuchimba choo. Kuhusu ng'ombe alijua yote. Angeweza kukuambia ng'ombe wa nani alizaa lini na kwa dume gani. Ila kukamua, hapana. Kwa wanaume wa rika lake huku kwetu, mwanaume atachunga, atatibu, atachinja na atajisifia, lakini kukaa kwenye kigoda kushika chuchu ni kazi ya mama. Hata hivyo ng'ombe analia na mke hawezi. Akapiga moyo konde, akashika ndoo, akaingia.

Hakuchelewa kutoka. Ndoo ilitoka kwanza, ikapita juu ya ukuta. Reginald akafuata kwa miguu yake, akichechemea, na suruali ile ya pasi imepata samadi hadi kiunoni.

Wakaitwa msaada. Marieta aliruka ua akisema yeye amekamua ng'ombe tangu hajaota meno, waacheni wanawake wafanye kazi. Sista alimwacha akae, atulie, ashike, ndipo akampa la mbavu. Marieta alirudi kwake amejishika ubavu, akaapa hatalisogelea tena zizi lile hata avishwe nguo za askofu. Ikabidi ndama aachiwe anyonye apendavyo, angalau kiwele kipungue, na ndama alinyonya hadi akashindwa kutembea sawasawa.

Genoveva alicheka yote hayo akiwa dirishani, akacheka machozi yakamtoka. Kicheko kilikatika aliposikia Reginald anaongea kwenye simu nyuma ya nyumba.

"Sulle? Njoo kesho umchukue. Ndiyo, kama tulivyosema."

Sulle ni mdogo wake Reginald, anaishi Masakta. Kama tulivyosema! Kumbe wameshasema!

"Unampeleka wapi ng'ombe wangu?" Genoveva alimkabili alipoingia ndani.

"Kwa Sulle. Akae huko kwa muda," Reginald alisema bila kumtazama. "Majani yamepungua."

Majani! Mvua ya mwaka ule ilinyesha hadi nyasi zikaota juu ya paa la choo. Mbuzi wa kijiji walikuwa wanachagua kama wako hotelini.

"Reginald, sema tu kwamba nimekwisha. Sema mikono imekwisha na mwenyewe nimekwisha, nikae kwenye mkeka nisubiri uji. Usinisingizie majani."

Reginald alitazama ndani ya kikombe chake cha chai, na kikombe kilikuwa kitupu. Genoveva alingoja akanushe, hata kwa neno moja, hata kwa kukohoa. Hakukanusha. Iliuma, jamani, iliuma vibaya mno.

Lakini Genoveva hakuwa mtu wa kukaa na jambo likamlalia. Alikata shauri palepale.

"Sawa. Kesho asubuhi, kabla Sulle hajafika, kama kuna mtu wa nyumba hii atakuwa amemkamua Sista, ng'ombe haondoki. Kama hayupo, aende. Sitasema neno."

Reginald alimtazama mikono. "Mtu wa nyumba hii? Tuko wawili tu. Na wewe hushiki ndoo, nakukataza."

"Ndiyo. Amebaki nani?"

Mwenyekiti wa kigango alifikiri sana. Kisha akasema haya, na Genoveva akajua amekubali kwa sababu ana uhakika wa kushindwa.

Jioni Marieta alikuja na ubavu wake uliofungwa kanga, na wazo. "Sikilizeni. Huyu mnyama hatazami uso. Anatazama nguo, ananusa nguo, anasikiliza wimbo. Vaa nguo za Genoveva, imba wimbo wa Genoveva, kwake wewe ni Genoveva."

"Nani avae?" Reginald aliuliza, ingawa alishaelewa.

Wanawake wawili walimtazama bila kupepesa.

"Kwanza nife!" alisema Reginald, akaenda kulala bila kula.

Asubuhi ilipofika hakuwa amekufa. Ukungu ulikuwa mzito, huoni hata mti wa uani. Genoveva alikuwa amemtandikia kitandani gauni lake la kijani la zizini, sweta jekundu na kilemba. Alikaa tu kwenye kiti, mikono ndani ya beseni la maji ya moto kidogo, akamtazama mumewe kwa jicho la kumkumbusha kwamba jana alisema haya.

"Funga mlango," Reginald alisema hatimaye.

"Umefungwa."

"Na dirisha."

"Nje kuna ukungu, nani atakuona?"

"Na huyo jogoo atoke!"

Jogoo akatolewa. Yaliyofuata Genoveva hawezi kuyasimulia hadi leo bila kukaa chini. Gauni lililomfika yeye kwenye kifundo cha mguu lilimfika Reginald magotini, na pale kifuani ambapo Genoveva alijaza, Reginald aliacha nafasi ya kuweka debe la mahindi. Chini yake vikatokeza viunzi viwili vya miguu, kisha gambuti. Kilemba kilikataa kukaa, ikabidi akifungie kidevuni kama mtu anayeumwa jino. Genoveva hakuweza kumfunga kwa vidole, alimwelekeza tu kwa sauti, na kila neno lilikatwa na kicheko.

"Vuta... hapana, kushoto... mama yangu wee!"

"Ukicheka navua."

"Sicheki. Hicho ni kikohozi."

Wakaenda zizini. Sista aliinua kichwa. Alinusa sweta. Akanusa gauni, akarudia kunusa, akamtazama Reginald kwa muda mrefu kwa jicho lile la kukagua. Sista akarudi kwenye majani yake. Reginald aliketi kwenye kigoda, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, mgongo umeelekea langoni. Akashika.

Mguu wa nyuma ukaanza kuinuka.

"Wimbo!" Genoveva alinong'ona. Alikuwa amechuchumaa mbele, pembeni ya hori, palipokuwa na mzigo mkubwa wa mabua ya mahindi.

Reginald akaanza kwa besi ya kwaya, nzito kama ngoma. "Shusha mama, shusha, chai inachemka..." Sista aligeuza shingo nzima kuja kutazama ni jambo gani hilo. Mguu ukapanda zaidi. Genoveva akadaka wimbo upesi kwa sauti yake mwenyewe, "Shusha mama, shusha, wageni wako njiani," na mguu ukashuka. Ukatulia. Na kutoka chini kule ikasikika sauti tamu kuliko kinanda cha kanisani, maziwa yanapiga kwenye ndoo.

Mkamuaji alikuwa ovyo, tuseme ukweli. Alikamua vizuri upande mmoja, upande wa pili akakamulia kwenye gambuti lake. Lakini alikamua! Genoveva aliimba huku machozi ya furaha yakimtiririka. Sista habanduki. Alitaka kuruka. Alitaka kumwita Marieta, kumwita padre, kuita kijiji kizima. Akatunga ubeti mpya papo hapo, kuhusu bibi mmoja mrefu mwenye ndevu, na mabega ya Reginald yakaanza kutikisika kwenye ubavu wa ng'ombe. Alikuwa anacheka! Mwaka mzima hajamsikia Reginald akicheka.

Ndipo lango likagongwa.

"Hodi hapa!"

Sulle. Alikuwa amelala kwa rafiki yake pale Dongobesh ili aanze safari na ng'ombe kabla jua halijawaka. Genoveva alikatisha ubeti katikati, akajitupa nyuma ya mabua. Reginald alimtupia jicho moja kutoka chini ya kilemba, jicho la mtu anayezama. Genoveva akisimama, Sulle ataona shemeji wawili. Asiposimama, ni Mungu tu anajua. Genoveva hakusimama.

"Shikamoo, shemeji!" Sulle alisema, ameegemea lango, kamba ya ng'ombe begani.

Maziwa yaliacha kupiga ndoo. Kisha kutoka chini ya kilemba ikatoka sauti nyembamba, ya kifaranga aliyekanyagwa.

"Marahaba."

"Pole, shemeji, naona koo limeshikwa. Ni hii baridi yenu."

Genoveva aliuma upindo wa kitenge kwa meno, maana kuushika asingeweza. Tumbo lilimuuma kwa kicheko kilichokosa pa kutokea.

"Afadhali nimekukuta peke yako," Sulle aliendelea, na akashusha sauti. Sulle ni mtu mwema, ila mdomo wake haujawahi kuwa na komeo. "Nilitaka tuongee kabla kaka hajaamka. Najua umenikasirikia kwa huyu ng'ombe. Lakini usimkasirikie kaka."

Mkamuaji alikohoa.

"Alinipigia simu mara ya kwanza kabla ya Pasaka. Shemeji, alikuwa analia."

Mkamuaji alikohoa kwa nguvu zaidi.

"Pole sana, tafuta tangawizi. Analia, nakwambia! Kaka! Tulipomzika baba hakulia, alikwenda kurekebisha uzio. Aliniambia kila alfajiri ukiamka na yeye anaamka. Anajifanya anakoroma. Ukitoka anakufuata, anasimama nje ya ukuta huu hapa, kwenye umande, peku ili usimsikie. Anakusikia unakamua na kulia. Unaimba mstari mmoja, unalia mstari mmoja. Anasema anataka kuingia, miguu inakataa. Kwa sababu ukitoka unatoka umetabasamu, na anaona akikwambia anajua, atakuwa amekunyang'anya hilo tabasamu na hana kingine cha kukupa. Ndiyo akaniomba nimchukue ng'ombe. Tena hiyo hadithi ya majani ni mimi niliyempa, samahani, nilikosa uongo mwingine."

Nyuma ya mabua kile kicheko kilikuwa kimekwisha zamani. Genoveva alikuwa ameachia kitenge. Alitazama ule ukuta wa udongo alioutazama kila alfajiri, akadhani upande wa pili hakuna mtu. Kumbe siku zote zile, siku za kujibana, siku za kuuma sweta ili asisikike nyumbani, kulikuwa na mtu amesimama pale pale, peku. Alijisikia mjinga, na akajisikia amependwa, vyote kwa pamoja, na hakujua aanze na kipi.

Maziwa yalianza tena kupiga ndoo, kwa kasi ya ajabu, bila mpangilio wowote.

"Haya, nimeyatua," Sulle alisema, akasukuma lango akaingia. "Tusiwekeane kinyongo. Nipe mkono, shemeji."

Hapo ndipo Reginald alipoponzwa na malezi mema. Mkono wenye maziwa haupewi mtu, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Mtu mwenye mikono michafu au yenye maji hukunja ngumi akakunyooshea kifundo, ukamshika hapo. Reginald alifanya hivyo bila kufikiri. Bila kugeuka alinyoosha mkono nyuma, sweta likapanda, na Sulle, akikumbuka kwamba vifundo vya shemeji yake vina maumivu, akakishika kwa vidole viwili tu, taratibu, kama mtu anayeokota yai.

Alishika manyoya.

Alishika mfupa mpana wa mshika plau, na juu yake saa kubwa ya mkanda wa chuma. Sulle alikitazama kifundo kile. Akateremsha macho hadi kwenye magoti. Akateremsha hadi kwenye gambuti.

"Kaka?"

Kisha besi kamili ya kwaya ikatoka chini ya kilemba.

"Sulle, nenda ndani ukanywe chai. Ng'ombe haondoki. Amekamuliwa na mtu wa nyumba hii."

Sulle hakufika ndani. Alianguka hapo hapo langoni, kamba na yeye, akacheka bila sauti, kisha kwa sauti, kisha kwa sauti ambayo si ya binadamu. Alijaribu kusimama akaliona gauni tena, akarudi chini. "Marahaba!" alipiga kelele. "Mungu wangu, kaka ameniitikia marahaba!" Marieta akauliza kutoka ng'ambo ya ua kuna msiba gani, na Sulle akatambaa hadi huko kwenda kumweleza, na muda si muda zikasikika kelele mbili badala ya moja, ya pili ikilalamika juu ya ubavu.

Zizini wakabaki watatu. Genoveva aliinuka nyuma ya mabua, majani yamemjaa kichwani. Reginald hakugeuka. Masikio yake yalikuwa yamewiva mekundu pembeni ya kilemba.

"Umesikia," alisema.

"Nimesikia."

"Yule Sulle, sufuria lililotoboka, nitamkata ulimi."

"Kwa nini hukuniambia kwamba unanisikia?"

Reginald alikamua kidogo. "Ungeenda kulia mbali zaidi," alisema. "Ningekukosa."

Genoveva alisogea, akakaa kwenye majani karibu na kigoda, bega lake likagusa sweta lake mwenyewe jekundu. Mikono aliiweka mapajani, wazi, imevimba, haikunji. Siku zote alikuwa anaifunika kwa kitenge. Reginald aliitazama vizuri, kidole kwa kidole, kisha akaegemeza tena paji la uso kwenye ubavu wa Sista.

"Mama Belinda," alisema, "umeamkaje?"

Sasa, nchi hii yetu mtu akiulizwa ameamkaje hujibu salama. Amefiwa, salama. Nyumba imeungua, salama, tunamshukuru Mungu. Na Genoveva alikuwa bingwa wa salama. Alifungua mdomo aseme hivyo hivyo, na neno likakataa kutoka.

"Vibaya," alisema.

Reginald hakuacha kukamua. "Enhe?"

"Nimeamka vibaya. Kifundo cha kulia kinawaka moto. Vidole vya kushoto nilivisikia usiku, vinagonga kama vina moyo wao. Nimeshindwa kuvuta blanketi, nimelivuta kwa meno. Jana nilishindwa kufunga kifungo nikakaa kitandani nikalia nusu saa, nikakwambia nilikuwa nasali."

"Enhe."

"Na mwezi uliopita..."

Akasema ya mwezi uliopita. Akasema ya mwaka uliopita. Akasema hofu ya mkeka na uji, na chuki aliyoichukia chupa ya chai yenye kifuniko kigumu, na wivu aliomwonea Marieta kwa kumwona anamenya viazi bila kufikiri. Akisema alicheka, akicheka alilia, na hakuna aliyejipangusa. Huko ndani Sulle alikuwa anapiga kelele sukari iko wapi, na hakuna aliyemjibu. Ndoo ilijaa. Chuchu zikakauka, hakuna tone lililobaki. Reginald akaendelea kukamua hivyo hivyo, akikamua hewa, ili mke wake asije akadhani kwamba wamemaliza.

Na Sista, ambaye hajawahi kumvumilia mtu, alisimama tu akimwacha.